Msosi wa sikukuu na ukoo mzima nyumbani kwako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila sikukuu ikikaribia simu yangu haipumziki, mara mdogo wangu, mara shemeji, mara binamu aliyeoa juzi tu na keshatupiwa jukumu la kulisha familia nzima, na wote wanauliza yale yale. Nimechoka kurekodi voisi za dakika kumi kumi kwahiyo nimeyaandika hapa. Mi sio mpishi wa hoteli, ni mtu tu niliyeshaunguza vitu vingi mbele ya wakwe. Na nilichojifunza ni kwamba shughuli haiharibiki kwasababu hujui kupika, inaharibika kwasababu ya nafasi, yaani nafasi kwenye jiko, kwenye friji, na kwenye saa. Majibu mengi hapa chini yanazungukia hapo hapo.

Nianze kujipanga lini?

Wiki tatu kabla kama watu wanazidi 15. Sio kwamba utapika wiki tatu, hapana, ila kuna vitu ukichelewa huvipati: viti vya kuazima, sufuria kubwa, na nafasi kwenye frizi maana frizi ya watu wengi imejaa vitu ambavyo hata wenyewe hawavijui. Anza kula hivyo vya frizini mapema. Wiki moja kabla nunua vikavu vyote, mchele, mafuta, viungo, sabuni, toileti pepa (toileti pepa nunua mara mbili ya unavyofikiri, niamini). Siku mbili za mwisho zibaki za nyama na mboga mbichi tu.

Nimetuma meseji kwenye grupu la familia hakuna anayejibu, nitajuaje idadi?

Grupuni hakuna atakayejibu, ni kuweka emoji tu za kucheka. Piga simu, tena sio kwa kila mtu, piga kwa mtu mmoja kila nyumba, yule anayejua nani anakuja na nani. Swali lako liwe la idadi, "mnakuja wangapi, watoto wangapi?", usiulize "mnakuja?" maana utajibiwa inshallah tukijaliwa na hapo bado hujui upike kilo ngapi. Ukishapata namba ongeza watu wawili watatu juu yake. Kuna siku zote mjomba anayekuja na rafiki yake.

Nipike vitu vingapi?

Hapa ndo watu wengi tunajiua. Unakaa na kalamu unaandika aina tisa za chakula, alafu jiko lako lina mafiga manne, na ukiweka sufuria mbili kubwa hayo mengine mawili hayafikiki tena. Kabla hujaandika menyu nenda kasimame jikoni, chukua sufuria zako kubwa uzipange juu ya jiko zikiwa tupu. Zinazoingia kwa pamoja ndo vitu unavyoweza kupika siku ile ile, basi. Vingine viwe vya kupikwa jana yake, vya kuliwa baridi, vya oveni, au vya kuletwa na watu.

Mimi siku hizi ni wanga aina moja au mbili, nyama moja ya mchuzi, moja ya kuchoma au ya oveni, maharage au kitu chochote kisicho na nyama chenye kushibisha, mboga moja ya kupika, saladi, matunda. Hakuna mtu aliyewahi kuondoka kwangu analalamika vitu vilikuwa vichache. Walioondoka wanalalamika ni wale wa mwaka niliopika aina kumi na moja na zote zikawa za vuguvugu.

Na usijaribu kitu kipya siku hiyo, yaani kama umekiona kwenye simu wiki iliyopita kajaribie watoto wako jumapili ya kawaida kwanza.

Vipimo je? Nitajuaje inatosha?

Vipimo vyangu ni hivi, ni vya mtu mzima mmoja na ni kabla ya kupika: mchele gramu 80 hadi 100, nyama isiyo na mfupa gramu 200 hivi, yenye mfupa 300 hadi 350. Kama kuna nyama aina mbili usizidishe kila moja kwa watu wote, gawanya, ila ongeza kidogo maana kila mtu atataka kuonja zote mbili. Watoto wadogo hesabu wawili kama mtu mzima mmoja. Kwahiyo watu wazima 24 na watoto 10 ni kama watu 29, mchele kilo 3 hivi inatosha vizuri.

Kumbuka nyama ikiiva inapungua uzito, kama robo inaondoka na maji na mafuta, mchele wenyewe unaongezeka karibu mara tatu. Ndo maana mtu akikadiria kwa macho anajikuta na mlima wa wali na vipande vya nyama vya kugombania.

Mapishi yangu ni ya watu 6, nikipikia 30 nizidishe kila kitu mara 5?

Hapana, na hili swali nalijibu kwa uchungu kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo hivyo kwenye wali. Sufuria kubwa ya kuazima, nikazidisha kila kitu, maji mara 5, chumvi mara 5, nikafunika nikaenda kuoga. Narudi nasikia harufu kutoka koridoni. Chini kumeungua rangi ya kahawa, katikati bokoboko, juu punje bado zina kiini kigumu, yaani sufuria moja ina vyakula vitatu na hakuna hata kimoja cha kumpa mgeni.

Sababu yake ni hii. Sufuria ikiwa kubwa mara mbili kwa upana na kwa kimo, kinachoingia ndani kinakuwa mara 8, lakini kitako kinachokutana na moto kinakuwa mara 4 tu. Moto unapata kazi kubwa kuliko nafasi iliyo nayo, chini panaungua wakati juu bado. Alafu maji nayo hayapotei kwa kiasi kile kile, mvuke unatoka kwa juu na mdomo wa sufuria haujakua mara 5, kwahiyo ukizidisha maji kama hesabu za darasani unapata uji.

Kwahiyo wali wa watu wengi pika kwenye sufuria mbili au tatu za kati, au malizia kwenye oveni kwenye trei pana iliyofunikwa foili. Maji punguza kidogo kwanza, utaongeza ya moto ukiona yanahitajika. Chumvi na pilipili anza na robo tatu ya hesabu, onja, ongeza. Vitunguu navyo usimwage kilo mbili kwa mpigo, vitachemka kwa maji yake badala ya kukaanga na mchuzi wako utakuwa mweupe hauna ladha, kaanga kwa mafungu. Na chemsha maji pembeni kwenye birika mapema maana sufuria kubwa ya maji baridi inaweza kukula nusu saa kabla haijatokota.

Kuku mkubwa aliyeganda namyeyushaje?

Ndani ya friji, sio juu ya kaunta usiku kucha. Juu ya kaunta ngozi inakuwa ya uvuguvugu masaa mengi wakati ndani bado barafu, na bakteria wanaanzia huko nje. Kwenye friji hesabu siku nzima kwa kila kilo 2 hivi, kwahiyo kama ni bata mzinga wa kilo 6 unamtoa frizini siku tatu kabla, na umweke rafu ya chini kabisa kwenye trei asidondoshee maji yake kwenye saladi. Ukisahau (utasahau) mfunge kwenye mfuko usioingiza maji, mzamishe kwenye maji baridi, badilisha maji kila nusu saa, inachukua kama nusu saa kwa kila nusu kilo. Akishayeyuka hivyo apikwe hapo hapo.

Na usimwoshe kwenye sinki. Najua mama yako alimwosha na bibi yako alimwosha, hata mimi nilibishana sana na hili, lakini maji yanayoruka yanasambaza vijidudu kwenye sinki na vyombo vilivyo pembeni, na moto ndo unaoua, sio bomba. Kama roho haitulii mfute kwa karatasi za jikoni alafu tupa.

Nitajuaje ameiva?

Nunua kipimajoto cha nyama, ni kadude kadogo tu na kanamaliza mabishano yote. Choma kwenye paja sehemu nene bila kugusa mfupa, ukiona nyuzi 74 za Selsiasi ameiva. Rangi inadanganya, anaweza kuwa wa pinki na ameiva, au mweupe na bado. Akitoka muache apumzike dakika 20 hadi 30 kabla ya kukata, mchuzi wake utabaki kwenye nyama badala ya kumwagika kwenye ubao. Na hizo dakika 20 oveni iko tupu! Hapo ndo unapasha vitu vingine.

Vitu gani naweza kupika siku moja kabla?

Vingi kuliko unavyodhani. Mchuzi wa nyama na maharage vinakuwa vitamu zaidi siku ya pili, keki inatulia, vitunguu na karoti vinakatwa, nyama inalazwa kwenye viungo. Saladi ya majani usiikate mapema na usiitie chumvi mpaka dakika ya mwisho.

Lakini sikiliza hapa kwenye kupoza maana ndo panapoleta kuharisha kwa ukoo mzima. Sufuria kubwa ya mchuzi ukiiacha jikoni ipoe yenyewe inabaki vuguvugu usiku kucha. Kuna bakteria ambao mbegu zao haziuliwi na kuchemsha, zinasubiri tu joto lishuke zianze kuzaliana, na eneo wanalolipenda ni kati ya nyuzi 5 na 60. Kwahiyo gawanya kwenye vyombo vifupi, chakula kisizidi kimo cha sentimita 5 hivi, acha mvuke upungue kidogo, weka friji ndani ya masaa mawili. Chakula chenye joto kwenye friji sio dhambi, kosa ni kuingiza sufuria nzima ya lita 15 ikapashe joto na vitu vingine vyote.

Wali ndo wa kuogopa zaidi. Ukilala nje ya friji kuna bakteria anaacha sumu ambayo ukipasha haiondoki, hata uupashe mpaka utoe moshi. Wali uliolala juu ya jiko ni wa kutupa, inauma ila tupa.

Siku yenyewe mchuzi uliolala friji upashe mpaka uchemke kabisa, sio uvuguvugu.

Ratiba ya siku yenyewe iweje?

Ianzie nyuma. Andika saa ya kula, alafu rudi kinyumenyume. Mnakula saa 8 mchana, kuku wa kilo 2 anapumzika kuanzia saa 7 na nusu, anahitaji oveni kama saa moja na nusu hadi mbili, kwahiyo aingie saa 5 na nusu, kwahiyo oveni iwashwe saa 5 na robo, kwahiyo keki imeshatoka kabla ya hapo au imepikwa jana. Ukiandika hivyo kwenye karatasi ukabandika mlangoni kwa friji utaona pale vitu viwili vinapogombania oveni saa ile ile, na utagundua jumatano sio siku yenyewe saa 6 mchana na jasho linakutoka.

Weka pia nusu saa tupu isiyo na kazi. Itajaa tu.

Nikiwasha kila kitu umeme unazima!

Birika la umeme peke yake ni kama wati 2000, oveni ndogo nayo 1500 hadi 2000, jiko la umeme usiseme. Ukivichomeka vyote kwenye ekstensheni moja unaomba moto. Tawanya kwenye soketi tofauti za ukutani, vinavyotoa joto visikae ekstensheni moja, na ile waya ndefu ya kuviringishwa ikunjue yote maana ikiwa imeviringwa inapata joto. Kama ni gesi, hakikisha mtungi haukaribii kuisha, uwe na wa akiba.

Na ukiamua kuongeza jiko la mkaa, liwe NJE. Sio koridoni, sio gereji mlango wazi. Ile hewa yake haina harufu na inaua watu wamekaa wanapiga stori.

Mafuta yakishika moto funika kwa mfuniko, zima jiko, usiguse sufuria, na mtu asilete maji.

Viti havitoshi, sahani hazifanani, ni aibu?

Hamna aibu. Mtu akikaa mezani anahitaji kama sentimita 60 za kuchezesha viwiko, kwahiyo meza ya mita 1.8 ni watatu kila upande, wanne mkibanana. Wengine wakae kwenye makochi, mikeka, ngazi. Wazee na wajawazito na wenye watoto wachanga wapewe viti kwanza. Sahani azima kwa watu wawili watatu.

Kupakua nako? Kila mwaka foleni inafika mlangoni.

Vuta meza kutoka ukutani watu wapite pande zote mbili, foleni inakatika nusu. Sahani mwanzo, wali na mboga, nyama iwe ya mwisho kwenye vyakula (nyama ikiwa mwanzo itaisha kabla ya nusu ya watu, hilo nimelishuhudia, shemeji mmoja alipakua kama anahama). Vijiko na uma viwe mwishoni kabisa, mtu hawezi kushika vyote huku anapakua. Vinywaji meza nyingine mbali kabisa, maana mtu anayechagua juisi anasimamisha wote. Kwenye nyama weka mtu wa kupakua, chagua shangazi anayeogopwa kidogo.

Hotipoti zioshe na maji ya moto kabla hujaweka chakula, zitashika joto muda mrefu zaidi.

Watoto wale lini?

Kwanza. Dakika 30 kabla ya watu wazima, sahani zikiwa zimeshapakuliwa. Mtoto mwenye njaa anaharibu sala, hotuba, na picha.

Kuna mgeni ana aleji, mwingine hali nyama, baba ana sukari...

Uliza ile siku unapiga simu za idadi. Kwa asiyekula nyama hakikisha yale maharage hayakupikwa na supu ya nyama, na yapakue pembeni kabla ya umati kuyavamia maana cha ajabu walaji nyama ndo wanayamaliza. Aleji ni jambo zito zaidi, kama mtu hapatani na karanga haitoshi kusema "hiki hakina karanga" kama mwiko umetoka kwenye chenye karanga. Kila chakula upawa wake, na chakula cha huyo mtu kipikwe kwanza jikoni pakiwa bado pasafi, kifunikwe, kiandikwe jina. Mwenye sukari usimpangie kama mtoto, mwekee maji na vinywaji visivyo na sukari, mwambie saa ya kula ni ipi na uitimize, kwasababu kama anatumia dawa kuchelewa masaa mawili sio utani kwake.

Niombe watu wachange au ni kujidhalilisha?

Omba. Ila usiseme "leteni chochote", utapata soda kreti sita na mikate minne. Mpangie kila mtu kulingana na tabia yake. Anayepika vizuri alete chakula, anayechelewa siku zote alete matunda au keki ya mwisho, asiyejua kupika alete barafu na vinywaji, na kijana asiye na hela ni wa kuosha vyombo. Anayeleta chakula akilete kimeshaiva, usikubali kabisa "nitamalizia hapo kwako", unakumbuka mafiga yako manne?

Mama mkwe anaingia jikoni anaongeza chumvi. Nifanyeje?

Mpe kazi kabla hajajipa. Akifika tu, "mama karibu, shikamoo, nilikuwa nakusubiri wewe, hii kachumbari naogopa kuigusa mimi." Mkalishe, mpe kisu kizuri na ubao. Mwaka jana wangu alikaa saa nzima na nyanya zake anatusimulia habari za zamani, hakunyanyuka hata mara moja kufunua sufuria. Akionja mchuzi akanyamaza, shukuru Mungu, usimuulize.

Saa ya kula imefika na nusu ya watu hawajafika?

Subiri dakika 30, alafu pakueni. Wachelewaji wawekewe pembeni, kilicho cha moto kibaki moto kabisa na kinachopoa kiende friji, maana ile saa yako ya masaa mawili inahesabu kuanzia chakula kilipotoka motoni (na kama joto la hewa linapita nyuzi 32 basi ni saa moja tu). Kuwakalisha njaa waliowahi ili kuwastahi waliochelewa mi sijawahi kuielewa.

Ugomvi je? Familia yetu ina watu wawili hawaongei.

Wasikae wanatazamana na wasikae bega kwa bega, waweke upande mmoja wa meza wakiwa na watu watatu katikati, hawaonani kabisa. Mambo ya mirathi, nani hajaoa, nani kanenepa, muombe mzee mmoja mapema awe wa kubadilisha mada. Babu akianza kuuliza watoto wa shule maswali ya hesabu kila mtu anasahau ugomvi.

Mabaki yanakaa siku ngapi?

Friji siku 3 hadi 4, ikiwa na nyuzi 4 au chini ya hapo. Zaidi ya hapo frizi. Nyama itoe kwenye mifupa kwanza, inachukua nafasi ndogo na inapoa haraka, mifupa chemshia supu kesho yake. Watu wafungashieni, ila kwenye vyombo usivyovipenda.

Na vyombo?

Anza shughuli sinki ikiwa tupu na ndoo ya taka ikiwa tupu, hilo tu linaokoa nusu ya kazi. Weka beseni la maji ya sabuni karibu na mlango watu watumbukize vijiko wakipita. Glasi kwanza, vijiko, sahani, masufuria mwisho yakiwa yameshaloweka. Sufuria iliyoungua weka maji na magadi ya kupikia ichemke dakika chache, utabandua kwa mwiko.

Vyombo vya kuazima bandika kipande cha teipu chini chenye jina kabla havijachanganyika, nina mfuniko mmoja hapa kabatini wa mwaka juzi hauingii sufuria yangu hata moja na grupuni kila nikituma picha yake wanaweka emoji za kucheka.